Nani Atamjibia Mtoto? Historia ya Ubatizo wa Wachanga Korogwe na Handeni

Katika karne ya 19, kwa Wabondei, Wazigua na majirani zao, meno ya kwanza ya mtoto yalikuwa jambo la ukoo mzima. Yakitangulia ya chini, watu walitulia. Yakitangulia ya juu, mtoto aliitwa kigego, na kigego aliaminiwa kuwaletea ndugu zake vifo. Baadhi yao waliuawa, wengine walitolewa kwa watu wa mbali. Mama hakuamua peke yake. Wazee walikaa kikao, na neno lao ndilo lililofuatwa. Wamisionari waliofika nchi ile walishtushwa na desturi kama hizo, wakashika kalamu. Padre Godfrey Dale, ambaye baadaye alikuja kuifasiri Kurani kwa Kiswahili, alichapisha mwaka 1896 makala juu ya mila za Ubondei.

Wamisionari hao nao walikuwa na desturi yao ya kumpokea mtoto: maji, jina, na maneno yanayosemwa na watu wazima kwa niaba ya mtu asiyeweza hata kutamka. Huko walikotoka, Wakristo walikuwa wamegombana karne nyingi juu ya uhalali wa desturi hiyo. Ugomvi wao ulikuwa wa imani: mtoto asiyejua kuamini anabatizwa kwa imani ya nani? Ulipofika kwenye bonde la mto Ruvu, huo uitwao pia Pangani, na kwenye vilima vikavu vya Handeni, ulikutana na ukoo, ndoa, njaa na nyumba zenye dini mbili. Hapo swali likawa gumu zaidi: mtoto huyu ni wa nani, na akikua, nani atamjibia?

Ubishi uliozaliwa Afrika

Ubishi wenyewe haukutungwa na Wazungu. Kumbukumbu zake za kwanza zilizo wazi ziko Afrika ya Kaskazini. Tertuliano wa Karthago, mji uliokuwa karibu na Tunis ya leo, aliandika kitabu juu ya ubatizo karibu na mwaka 200, akashauri watoto wangojee mpaka wapate akili. Hoja yake moja iliwahusu wadhamini. Kwa nini, aliuliza, watu hao waingizwe hatarini, ikiwa wanaweza kufa kabla ya kutimiza waliyoahidi, au mtoto akaharibika mikononi mwao?

Miaka 50 hivi baadaye, katika mji uleule, Askofu Sipriano na wenzake 66 waliletewa swali na askofu mmoja aitwaye Fido. Yeye alitaka mtoto angojee siku ya nane, kwa kufuata tohara ya Agano la Kale. Baraza lilimjibu kwamba hakuna haja ya kungoja hata hizo siku nane. Mwanzoni mwa karne ya 5, Augustino, askofu wa Hipo katika Algeria ya leo, aliupa ubatizo wa wachanga msingi wa mafundisho yake juu ya dhambi ya asili, na Kanisa la Magharibi likaishika njia hiyo kwa zaidi ya miaka 1000.

Mjadala ulifunguliwa upya mjini Zurich tarehe 21 Januari 1525, Conrad Grebel alipombatiza Georg Blaurock, mtu mzima aliyekuwa amekwisha kubatizwa utotoni. Mwenzao Felix Manz alizamishwa mtoni miaka miwili baadaye kwa hukumu ya serikali ya mji. Waliitwa Waanabaptisti, yaani wabatizao upya, jina ambalo wenyewe hawakulipenda, kwa kuwa machoni pao ule ubatizo wa kwanza haukuwa ubatizo. Wamenno waliofika Shirati, kando ya Ziwa Victoria, mwaka 1934 wametoka katika uzao huo wa imani.

Uingereza ilibaki na ubatizo wa wachanga. Kitabu chake cha Sala cha mwaka 1662 kiliongezewa ibada ya kuwabatiza watu wazima, na dibaji yake inataja sababu: Waanabaptisti walikuwa wameongezeka, tena ibada hiyo ingefaa kwa wenyeji wa makoloni na kwa wengine walioongoka wakiwa wakubwa. Kwa Waingereza, basi, mtoto alikuwa ndiyo kawaida na mtu mzima akawa nyongeza. Katika nchi ya Korogwe mambo yalianza kinyume chake.

Wavulana watano, na watoto wenye wenyewe

Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ambayo wengi huijua kwa herufi zake UMCA, ilitokana na wito alioutoa David Livingstone mjini Cambridge mwezi Desemba 1857. Jaribio la kwanza la misheni hiyo, katika nchi ya mto Shire, liliishia kwa maradhi na vifo, na mwaka 1864 Askofu William Tozer akahamishia kazi Zanzibar. Mwaka huohuo Sultani Majid alimpa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879.

Kuwabatiza watoto wa namna hiyo hakukuleta ubishi. Baba zao, wajomba zao na bibi zao walikuwa wamebaki mamia ya maili nyuma, au wamekufa njiani. Misheni iliwalisha, iliwavika, iliwasomesha na iliwapa majina. Ndiyo iliyokuwa ukoo wao, na ikisema itawajibia, hapakuwa na wa kuipinga. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifanya vivyo hivyo Bagamoyo tangu mwaka 1868, wakinunua watoto kutoka mikononi mwa wafanyabiashara na kuwakuza katika vijiji vya Kikristo. Hata Lutindi, juu ya milima ndani ya wilaya ya Korogwe ya leo, mahali pajulikanapo kwa hospitali yake ya wagonjwa wa akili, Waluteri wa Kijerumani walianza mwaka 1896 na makao ya watoto waliokombolewa utumwani.

Kwingine bara mambo yalikuwa tofauti. Charles Alington wa UMCA alipanda Vuga, makao ya mfalme wa Washambaa, kumwomba ruhusa ya kukaa katika nchi yake, na mwaka 1868 kazi ikaanza Magila, mahali ambapo Wakristo wenyewe hupaita Msalabani. Ilishika mizizi kuanzia mwaka 1875 chini ya Padre John Farler. Mwaka 1891 Padre Herbert Woodward alifungua kituo Korogwe, penye Waruvu ambao vijiji vyao vilijengwa visiwani katikati ya mto kwa kuogopa wavamizi. Kutoka hapo njia ilielekea kusini, Uzigua, mpaka Kwa Mkono na Kideleko. Padre Walter Kisbey alijifunza lugha ya huko kiasi cha kuchapisha kamusi ya Kizigua mwaka 1906.

Huko mtoto alikuwa na wenyewe, tena wengi. Kwa Wazigua, ukoo ulifuata upande wa mama, na mjomba alikuwa na sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Sauti hiyo ilikuwa na uzito wa kutisha wakati wa dhiki: deni la ukoo likishindikana au njaa ikizidi, mjomba aliweza kumweka mpwa wake rehani kwa mwenye chakula. Njaa hazikuwa hadithi. Katikati ya miaka ya 1890 nzige walimaliza mashamba, na mwishoni mwa muongo huo ukame ukapiga tena. Watu wa Uzigua walitawanyika kutafuta chakula, pwani, kwa majirani na kwenye vituo vya misheni.

Kwa hiyo mmisionari aliyeletewa mtoto abatizwe alikuwa na maswali kabla hajagusa maji. Anayemleta ana mamlaka naye? Je, ameletwa kwa imani au kwa njaa? Na mvua ikinyesha, ukoo ukarudi kwao, nani atamfundisha huyu Sala ya Bwana? Tertuliano angeyatambua maswali hayo.

Mlango mpana na mlango mwembamba

Jibu la misheni lilikuwa kuweka milango miwili. Mtu mzima alipita mlango mwembamba. Alianza kama msikilizaji, kisha akapokewa kuwa mkatekumeni, akafundishwa kwa muda mrefu, mara nyingi miaka, huku mwenendo wake ukitazamwa na walimu wa kijijini waliomjua kuliko padre. Mtoto wa Wakristo alipita mlango mpana: alizaliwa, akaletwa, akabatizwa.

Utaratibu huu ulieleweka kwa urahisi pale baba na mama walipokuwa Wakristo waliofunga ndoa kanisani. Lakini nyumba za namna hiyo zilikuwa chache. Mwaka 1888 maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth, London, waliamua kwamba mume wa wake wengi asibatizwe, ila apokewe kama mwanafunzi na kufundishwa mpaka hali yake ibadilike. Wake zake waliweza kubatizwa katika hali fulani, kwa uamuzi wa viongozi wa mahali. Uamuzi huo ulipoteremka mpaka kijijini ulizaa nyumba ambamo baba alikuwa mkatekumeni wa maisha, mama mmoja Mkristo, mama wa pili bado, na watoto wakicheza ua mmoja. Wa huyu abatizwe, wa yule angojee? Na wa huyu akibatizwa, nani ndani ya nyumba atasimamia ahadi zake, ikiwa baba mwenyewe hajaruhusiwa kuzitoa kwa ajili ya nafsi yake?

Ibada yenyewe ilitoa jibu lake. Kitabu cha Sala kilitaka mtoto wa kiume awe na wadhamini wanaume wawili na mwanamke mmoja, na wa kike wanawake wawili na mwanamume mmoja. Wakasimama kando ya kisima cha ubatizo, mtoto mikononi mwa mmoja wao. Padre hakumwuliza mtoto, aliwauliza wao: mnamkataa Shetani na kazi zake? Mnaamini? Mnataka abatizwe katika imani hii? Wakajibu moja baada ya jingine. Kisha padre akampokea mtoto, akaomba jina, akammiminia maji, au akamchovya kama ana afya, na kumtia alama ya msalaba kwenye paji la uso. Mwisho akawageukia wadhamini na kuwapa kazi: mtoto afundishwe Imani, Sala ya Bwana na Amri Kumi, halafu aletwe kwa askofu apate kipaimara.

Kwa macho ya Uzigua hili halikuwa jambo dogo. Baba wa ubatizo na mama wa ubatizo waliwekwa mahali ambapo zamani alisimama mjomba: watu wenye haki ya kusema juu ya malezi ya mtoto asiye wao. Hawakuwa na haki ya kumweka rehani, wala ya kumchunguza meno. Lakini hawakuwa na shamba la kumrithisha wala mahari ya kupokea, na mjomba alikuwa bado yupo. Mdhamini mzuri alipatana na mjomba. Mdhamini goigoi alisahauliwa, na mtoto akabaki na jina la Kikristo lisilo na mtu nyuma yake.

Hapo ndipo mabishano ya walimu na mapadre yaliposimama kwa miaka mingi. Wapo walioshika kwamba samaki mkunje angali mbichi: mtoto aliyekulia kanisani atakuwa Mkristo kuliko mzee aliyeongoka akiwa na mvi. Wapo walioogopa Wakristo wa jina, waliobatizwa wachanga na kuonekana tena siku ya mazishi yao.

Askofu Weston na mkutano wa Kikuyu

Mwaka 1913 swali hili lilipanda ghafla mpaka kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, na aliyelipandisha alikuwa askofu ambaye dayosisi yake ilihusisha Korogwe na Uzigua.

Mwezi Juni mwaka huo, wamisionari wa Kiprotestanti wa Afrika Mashariki ya Kiingereza walikutana kwenye kituo cha Waskoti cha Thogoto, nchi ya Kikuyu. Maaskofu wawili wa Kianglikana walikuwapo: William Peel wa Mombasa na John Willis wa Uganda, wote wa upande wa CMS, jamii ya kimisionari ya Waanglikana wa mrengo wa kiinjili. Walikuwapo pia Wapresbiteri wa Scotland, Wamethodisti na watu wa Africa Inland Mission wakiongozwa na Charles Hurlburt. Shida waliyotaka kuitatua ilikuwa ya kweli. Mkristo aliyebatizwa na misheni moja alipokwenda kutafuta kazi mjini alikuta misheni nyingine isiyomtambua. Huku Uislamu ukienea, wao walikuwa wakigawana vijiji na kugombana mipaka. Wakapendekeza shirikisho: Biblia, kanuni za imani za Mitume na Nikea, sakramenti mbili, na utaratibu wa kupokeana. Mwishoni Askofu Peel aliadhimisha Komunyo kwa Kitabu cha Sala ndani ya kanisa la Waskoti, na wengi wasio Waanglikana wakashiriki.

Frank Weston, Askofu wa Zanzibar tangu mwaka 1908, alipopata habari alimwandikia Askofu Mkuu Randall Davidson akiwashitaki wenzake wawili kwa uzushi na kwa kulipasua Kanisa. Mwaka huohuo alitoa waraka wa wazi ulioitwa Ecclesia Anglicana, uliosomwa na kujadiliwa kotekote Uingereza. Jambo lake kubwa lilikuwa uaskofu. Lakini katika orodha ya mambo aliyosema mpango wa Kikuyu uliyaacha bila ulinzi, ubatizo wa watoto wachanga ulikuwamo, pamoja na kipaimara na ondoleo la dhambi.

Kulikuwa na sababu. Africa Inland Mission ilikuwa na watu wa madhehebu mbalimbali, na wengi miongoni mwao walishika kwamba ubatizo ni wa anayeamini kwa kinywa chake mwenyewe. Misheni hiyo ilikuwa imeanza pia kuingia upande wa Wajerumani: mwaka 1909 ilipokea kutoka CMS kituo cha Nasa, kando ya Ziwa Victoria. Mtu aliyebatizwa Nasa akiwa mchanga na Waanglikana sasa alikuwa chini ya wachungaji ambao wengi wao wasingembatiza mwanawe mpaka akue.

Ukiutazama ugomvi huo kutoka London, ni ugomvi wa wataalamu wa sheria za Kanisa. Ukiutazama kutoka Korogwe, una sura nyingine. Watu wa Weston walikuwa wamewaambia kina mama wa Kizigua kwamba maji yale yamekwisha kumfanya mtoto kuwa wa Mungu, meno yatoke juu au chini, na kwamba wala ukoo wala njaa haviwezi kubatilisha jambo hilo. Kama askofu anaweza kukaa katika shirikisho moja na mhubiri asemaye kwamba maji yale hayakufanya kitu, mama huyo ashike neno la nani? Weston hakuwa tayari kuliacha swali hilo wazi.

Willis na Peel nao walikuwa na hoja yenye nguvu: Waafrika wasirithishwe magomvi ya Ulaya ambayo hawakuyaanzisha. Tatizo ni kwamba ugomvi huu ulikuwa umekwisha kupata mizizi ya hapa. Katika nchi ambayo watu wazima walibatizwa kwa mamia, kila kanisa lililazimika kuamua juu ya watoto wao siku ileile.

Jopo la maaskofu lilikaa London Julai 1914 kulisikiliza jambo hilo. Siku chache baadaye vita ikalipuka, na jibu lilipotolewa, Pasaka ya mwaka 1915, Uganda na Zanzibar zilikuwa na mambo mengine ya kushughulikia. Hakuna aliyehukumiwa kwa uzushi. Wajerumani, waliokuwa wakitawala nchi hiyo, waliwakamata wamisionari Waingereza na viongozi wengi wa Kiafrika wa UMCA, na makanisa ya Ubondei na Uzigua yakaendeshwa na wachache waliobaki, mpaka majeshi ya Waingereza yalipoingia Korogwe na Handeni mwezi Juni 1916. Mwaka huo Weston mwenyewe aliongoza kikosi cha wapagazi kutoka Zanzibar. Alifariki tarehe 2 Novemba 1924 Hegongo, karibu na Magila, akazikwa Magila.

Katani, kutengwa, na dini mbili nyumba moja

Reli ya Tanga ilikuwa imefika Korogwe tangu mwaka 1902, na pembeni yake mkonge. Ngombezi, Magunga na mashamba mengine yaliita watu kutoka Songea, Unyasa, Njombe, Ubena, Rwanda na Urundi. Baada ya mwaka 1944 wengi waliletwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya kutafuta vibarua, na watu wakawaita manamba. Kambini alizaliwa mtoto ambaye mama yake alikuwa Mkatoliki wa Songea na baba yake Mwanglikana wa Unyasa. Ukoo ulikuwa mbali, mjomba hayupo, mdhamini ni jirani wa chumba cha pili ambaye mkataba wake ungekwisha kabla mtoto hajaota meno. Hoja ya Tertuliano juu ya wadhamini wasioweza kutimiza ahadi ilikuwa sasa jambo la kila Jumapili.

Handeni mtihani ulikuwa mwingine. Uislamu ulikuwa umefika kwa njia za biashara kabla ya misheni, na baada ya vita ulishika sehemu kubwa ya nchi. Nyumba yenye mume Mwislamu na mke Mkristo, au ndugu wa dini mbili chini ya mti mmoja, haikuwa ajabu na si ajabu leo. Mtoto akizaliwa, upande mmoja unangoja akika, upande wa pili unangoja ubatizo. Padre aliyebatiza bila baba kukubali alijua amewasha moto; aliyekataa alijua amemwacha mama peke yake. Mara nyingi bibi ndiye aliyekuwa na neno la mwisho.

Kulikuwa pia na adhabu. Makanisa yote makubwa ya Tanganyika, Waanglikana, Waluteri na Wakatoliki, yalitumia nidhamu ya kuwatenga Wakristo waliokaa pamoja bila ndoa ya kanisa au waliooa mke wa pili. Mtoto wa waliotengwa mara nyingi alingojeshwa mpaka wazazi warudi kundini. Hapo Kanisa lililofundisha kwamba neema haiangalii sifa za mtoto lilijikuta likimnyima mtoto maji kwa sababu ya mwenendo wa baba. Waliolitetea jambo hilo walisema ubatizo bila malezi ni kumdanganya mtoto. Waliolipinga walisema mtoto hakuzini. Mabishano hayo hayajaisha. Parokia nyingi leo huwaambia wazazi wabariki ndoa kwanza.

Mlango mmoja ulibaki wazi kwa wote. Mtoto aliye karibu kufa aweza kubatizwa na Mkristo yeyote, mwanamume au mwanamke, kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Katika nchi yenye malaria na hospitali chache, kama ile ya misheni Kwa Mkono, ambako masista wa shirika alilolianzisha Weston mwaka 1911 walihudumu kama wauguzi na wakunga, kanuni hiyo ilikuwa na kazi. Mtoto akipona alipelekwa kanisani kupokewa mbele ya watu, bila kumwagiwa maji tena. Ubatizo ni mmoja.

Maji mengi na maji machache

Sentensi hiyo ya mwisho, kwamba ubatizo ni mmoja, ndiyo inayobishaniwa leo. Mwaka 1970 dayosisi za asili ya UMCA na zile za asili ya CMS zilifanywa jimbo moja la Kanisa Anglikana Tanzania. Mwaka 1982 wanateolojia wa Baraza la Makanisa la Ulimwengu, wakikutana Lima, Peru, walikubaliana juu ya hati iliyosema kwamba njia zote mbili, ya mchanga na ya anayeamini, zinakutana katika malezi ya imani, na kwamba tendo lolote linaloweza kutafsiriwa kuwa ni kubatiza upya liepukwe. Jumuiya ya Kikristo Tanzania yenyewe ina makanisa ya pande zote mbili: Waanglikana, Waluteri na Wamoravian wanaobatiza watoto, pamoja na Wamenno na Africa Inland Church wanaongojea wakue.

Ila walokole wa hapa hawaishiki hati hiyo. Waadventista, ambao nao hubatiza kwa kuzamisha, walikuwa Upare, jirani tu, tangu mwaka 1903. Makanisa ya Kipentekoste yameenea mno katika miongo ya karibuni, na wahubiri wao hawana simile: ubatizo wa maji machache si ubatizo, utakaokuvusha ni wa maji mengi. Mmoja anafungua Marko 16, imani kwanza kisha maji. Mwenzake anamjibu kwa Matendo 16, Lidia na mlinzi wa gereza waliobatizwa pamoja na nyumba zao. Mmoja anauliza ni mtoto gani ametajwa kwa jina. Mwenzake anauliza ni nyumba gani ya Kiafrika isiyo na watoto.

Kijiografia, Handeni ni mahali pagumu kwa maji mengi. Ni wilaya iliyozoea kuchota mbali, na mradi mkubwa wa bomba uitwao HTM umekuwa ukitegemea maji ya mto Pangani upande wa Korogwe. Nako mtoni kuna mamba. Wachungaji wanaobatiza kwa kuzamisha hutafuta bwawa, au hujenga kisima cha saruji nyuma ya kanisa.

Ukitazama kinachofanyika ndani, pande hizi mbili zinakaribiana kuliko zinavyokiri. Mlokole naye hamwachi mtoto wake bila ibada. Humleta mbele, mchungaji humbeba na kumweka wakfu, wazazi huahidi kumlea katika njia ya Bwana, na kusanyiko huitikia. Vyote vimo: jina, ahadi za wazazi na mashahidi. Kilichokosekana ni maji. Mwanglikana naye hamwachi aliyebatizwa mchanga bila kusema mwenyewe. Humpeleka kwa askofu, aseme kwa kinywa chake yale waliyoyasema wadhamini, apate kipaimara. Kila upande umelazimika kuwa na matendo mawili, moja la watu wazima kumjibia mtoto na jingine la mtoto kujijibia. Wanatofautiana juu ya tendo lipi libebe jina la ubatizo, na tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu upande mmoja unasema Mungu ametangulia kutenda na upande wa pili unasema mtu hawezi kuamini kwa niaba ya mwingine.

Lakini hasara iliyoliumiza Kanisa katika nchi hii haikutoka kwa kiasi cha maji. Ilitoka kwa wadhamini waliotajwa na kusahau, kwa wazazi waliongoja sherehe kuliko malezi, na kwa makanisa yaliyomtenga mama halafu yakashangaa mwana hakurudi. Mlokole aliyezamishwa akiwa na miaka 20 na kuacha kanisa akiwa na miaka 22 ana historia ileile na Mwanglikana aliyebatizwa akiwa na wiki tatu asionekane tena: wote wawili walikosa mtu wa kuwajibia baada ya ibada.

Upo ushahidi mmoja ambao hata wabishi hawaukatai. Mtanzania asiye na cheti cha kuzaliwa anapokwenda kujisajili akiwa mtu mzima, miongoni mwa karatasi zinazokubaliwa kama uthibitisho ni cheti cha ubatizo. Kwa hiyo mlokole aliyekwisha kuyakana maji machache mbele ya mkutano hulazimika kurudi parokiani, padre amfungulie daftari la zamani, na mle ndani akute tarehe aliyozaliwa, jina la mama yake, na chini yake majina ya wale watatu waliosema kwamba watamjibia. Atakayetaka kuumaliza ubishi huu Korogwe na Handeni aanze na watu hao watatu, awaulize walifanya nini baada ya siku ile.